Mjadala: kamera za siri kule Taiji, kosa liko wapi hasa?

Wakuu, kuna hoja inarudi kila mara kwamba The Cove, ile dokumentari ya 2009 kuhusu uwindaji wa pomboo iliyobeba Oscar, ni wazungu waliokwenda kuwadhalilisha wavuvi wa Japani kwa kamera za kuficha. Mimi nakataa.

Taiji ni mji mdogo wa wavuvi mkoa wa Wakayama. Msimu unaanza Septemba, boti zinajipanga baharini, wavuvi wanazamisha mabomba ya chuma na kuyagonga kwa nyundo, na pomboo anaishi kwa kusikia kwahiyo zile kelele zinamvuruga kabisa, kundi zima linakimbilia pwani na likishaingia kwenye hori, yaani ghuba ndogo, linafungiwa kwa nyavu. Wazuri wanachaguliwa wauzwe hai kwa wenye maonyesho, wengi wa waliobaki wanachinjwa. Hapo pa kuchinjia watu walikuwa wanazuiwa kuona, ndo maana Louie Psihoyos, mwongozaji wa dokumentari hiyo, na wenzake wakaingia usiku wakaficha kamera ndani ya mawe bandia. Hivi kwa akili ya kawaida wangeomba kibali wangepewa?

Najua mtaniambia mbona ng'ombe wanachinjwa kila siku. Sawa, ila mla ng'ombe anajua anachokula. Nyama ya pomboo ina zebaki nyingi, na hii ni nchi iliyopitia msiba wa Minamata, watu walipodhurika kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwandani! Taasisi ya serikali ilipima nywele za watu wa Taiji, matokeo ya 2010 yakaonyesha zebaki yao iko juu sana kuliko wastani wa nchi. Dalili za ugonjwa hawakuzikuta, hilo niliseme kwa haki, lakini mwananchi ana haki ya kujua kilichomo kwenye sahani ya mtoto wake.

Ninachowalaumu waandaaji ni kwamba mvuvi hakupewa nafasi ya kujieleza, anaonekana tu akifukuza watu na kufoka. Mwenye biashara kubwa ni mnunuzi, maana pomboo hai anayeenda kwenye maonyesho ana bei ambayo nyama haiigusi kabisa. Ushahidi ni 2015, chama cha dunia cha zoo na akwaria kilipokisimamisha chama cha Japani kwa ajili ya pomboo hao, chama hicho cha Japani chenyewe kikapiga kura wanachama wake wasichukue tena pomboo wa Taiji. Uwindaji haujaisha mpaka leo kwa sababu wanunuzi wengine bado wapo, China mmojawapo.

Na tusijifanye hayatuhusu. Kizimkazi pale Unguja pomboo walikuwa wanavuliwa wawe chambo cha papa hadi miaka ya 90, wakaja wageni wanaolipa kuwaona, uwindaji ukaachwa. Hela ilihamia upande mwingine, na mvuvi akahama nayo.

Kwahiyo nyie mnaopinga kamera za siri, bila zile picha nani angembana mnunuzi, na kwa njia gani?