Kivumishi cha Kiingereza cha mswada uliojaa makosa

Mhariri, Tononoka: Habari zenu wenzangu. Naandika ripoti kwa Kiingereza kuhusu mswada wa mteja wa hapa Mombasa. Makosa kila ukurasa: "kalamu" imekuwa "karamu", "anakuja" imekuwa "ana kuja". Je, erroneous inafaa? Na hii mendose niliyoiona kamusini?

Mfasiri, Kisauni: Erroneous haifai. Husema jambo lenyewe si kweli: dai, hesabu, imani. Mswada waweza kuwa na hoja sahihi kabisa na bado ukajaa makosa ya tahajia. Andika error-ridden, pamoja na kistari, kabla ya nomino. Baada ya kitenzi, riddled with errors.

Mwalimu, Likoni: Mendose ipo, ndugu yangu, ila ni nadra mno. Imetoka Kilatini, mendum, yaani kosa, na shina hilohilo limo katika emend, kusahihisha matini. Tatizo ni kwamba msomaji ataichanganya na mendacious, "yenye uongo", na mteja wako ataona umemwita mwongo. Kwa ripoti ya kazi, iache kabisa. Corrupt nayo wataalamu huitumia kwa matini za kale zilizoharibika kwa kunakiliwa. Kwa mteja itasikika kama ufisadi.

Mfasiri, Kisauni: Tena kivumishi pekee hakimsaidii. Chukua kurasa 10, hesabu makosa kwa aina: l na r, viambishi vilivyotenganishwa, uakifishi. "Karamu" itafute kwa macho, kwa sababu kikagua tahajia hakitaipigia mstari: ni neno halali.

Mhariri, Tononoka: Shukran sana. Naandika error-ridden na jedwali chini yake.