Roboti gani ulilipoteza likakuuma? Tupeane uzoefu

#1 (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nyuzi za "gemu kali zaidi la maroboti ni lipi" zimeshajaa, na mwisho wake huwa matusi. Mimi nataka jingine. Kwenye gemu la kawaida la risasi ukifa unafufuka, bunduki ileile mkononi, safari inaendelea. Gemu la maroboti makubwa linakupa kwanza nafasi ya kulijenga dude lako mwenyewe: unachagua miguu, unapima tani, unabishana na nafsi yako uongeze makombora au deraya, halafu unalipaka rangi. Ndiyo maana likiondoka linauma. Basi tuambiane: ulipoteza mashine gani, kwenye gemu gani, na ilichukuliwa na nini? Joto, deni, adui, au seva kuzimwa?

Naanza mimi. BATTLETECH ya 2018 iliyotengenezwa na Harebrained Schemes, ile ya kucheza kwa zamu. Unaongoza kikosi cha mamluki. Kila mwezi mishahara inakudai, matengenezo yanakula siku, na mkono wa roboti ukikatika, silaha iliyokuwa mkononi nayo imekwenda. Nilikuwa na Hunchback, tani 50, lile lenye mzinga mnene begani upande wa kulia. Anayelijua anajua wapi pa kupiga, na siku hiyo kompyuta nayo ilipajua. Mwili ulirudi karakana ukaungwa. Mzinga, ambao ulikuwa wa daraja la nadra, ndio basi tena. Rubani akalala kitandani majeraha yapone huku bili zikisonga.

Kilichonibakisha humo ni hesabu ya mabaki. Namna unavyomuua adui ndiyo inayoamua nini kinasalia uwanjani. Ukimtoboa kifua, kinasalia kipande kimoja cha roboti lake. Ukimkata miguu yote miwili, vinasalia viwili. Ukimmaliza rubani na mwili ukabaki mzima, unaviona vyote vitatu vinavyotosha kuunda roboti kamili. Hapo ndipo gemu linapokugeuza mwizi mwenye subira: una nafasi ya kummaliza jamaa sasa hivi, lakini unamzunguka zamu nzima ukitafuta kichwa tu. Karibuni.

#2
Mleta uzi, hayo ni maumivu ya daftari la mahesabu. Ngoja nikupe ya ukweli.

Steel Battalion, Xbox ile ya kwanza, 2002. Capcom walilitoa pamoja na mtambo wake wa kuendeshea, wa kuwekwa mezani: fimbo mbili, pedali tatu, vitufe kama 40. Kuna swichi za kupandisha mojamoja kabla mashine haijasimama. Kuna kitufe cha kusafisha kioo kikichafuka. Kuna cha kuzima moto. Na kuna kimoja kimefunikwa kwa kifuniko cha plastiki, cha kujirusha nje. Mashine ikilipuka nawe hujakibonyeza, rubani wako amekufa, na gemu linafuta kumbukumbu yako. Sisemi unarudishwa mwanzo wa misheni. Linafuta yote.

Kwetu rubani alikuwa kaka yangu. Mimi nilikaa pembeni kama msoma vitufe. Kwenye gemu lile ukikata kona kwa kasi unapinduka, na yeye alipinduka, adui amebaki mmoja. Ving'ora vikalia, taa za mtambo zikaanza kuwaka. Nikapiga kelele, "Kaka, toka! Toka!" Akajibu, "Bado." Alitaka risasi moja zaidi. Skrini ikafanya ilichofanya. Kifuniko hata hakikufunguliwa.

Hakunisemesha mpaka kesho yake, na neno la kwanza lilikuwa, "Ningempata yule."

#3
Aisee. Gemu linafuta kila kitu na watu wakalinunua?

#4 (yuleyule wa #2)
Mkuu #3, tena walilipigania. Na usidhani kujirusha ni bure. Ukijirusha umeokoa roho ila mashine imeteketea, lazima ununue nyingine kwa pointi zako. Pointi zikiisha, habari yako imekwisha vilevile. Ndiyo maana kaka alisema "bado". Alikuwa anapiga hesabu, sikuelewa wakati ule.

#5
Mimi sikuvunjiwa. Mimi nilizimiwa.

Chromehounds, kazi ya FromSoftware, Xbox 360, 2006. Nchi tatu za kubuni zinagombana mahali panaitwa Neroimus, wachezaji mmegawanyika katika vikosi, na vita ni vya wote kwa pamoja mtandaoni. Mizinga ilikuwa mizuri, ndiyo, lakini kilichoniteka ni redio. Uwanjani kulikuwa na minara ya mawasiliano. Kikosi lazima kiiteke, na mtu akitoka nje ya eneo la minara yenu, sauti yake inakatika. Hamsikilizani tena. Fikiria gemu la mtandaoni ambalo kuongea tu na rafiki yako ni kitu mnachokipigania.

Nilikuwa kamanda. Roboti langu lilikuwa nyonge kuliko yote kikosini, limebeba mitambo ya ramani na mawasiliano mahali ambapo wenzangu walibeba bunduki. Kazi yangu kujificha nyuma, kuangalia nukta zinavyosogea, na kusema: "Wewe geuka kushoto, kuna wawili nyuma ya kilima. Wewe subiri." Kisha nukta moja inavuka mpaka wa mnara, sauti inakatika katikati ya sentensi, na hujui ameuawa au ametembea hatua chache kupita kiasi. Mara nyingine anarudi anacheka, hajui kama sote tulishamzika. Mara nyingine harudi, na hapo ndipo unajua kilima kile kilikuwa na watatu.

Wenzangu wale sikuwahi kuwaona sura. Niliwajua kwa mwendo wa nukta zao. Kuna mmoja alikuwa hawezi kutulia: ukimwambia subiri, nukta inatetemeka palepale, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ningemtambua hata leo.

Januari 2010 seva zikazimwa. Diski ninayo, misheni za mtu mmoja zinafunguka, roboti langu limo gereji na antena zake zote. Na ramani ukiifungua, nukta ni yangu peke yangu.

#6
Pole mkuu #5. Mimi ni wa Gundam Evolution: lilikuja 2022, likafungwa Novemba 2023. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kulimudu. Na kabla ya hapo nilikuwa wa Hawken ya kompyuta, iliyozimwa 2018. Nikihamia kwenye gemu lenu lolote tafadhali nifukuzeni.

#7
Nyie wote mmenyang'anywa. Mimi roboti langu nililimaliza kwa mikono yangu, bisibisi kwa bisibisi.

Armored Core VI, Agosti 2023, miaka kumi baada ya Verdict Day, gemu lililoitangulia kwenye mfululizo huo. Nilianza na roboti jembamba, jepesi, bunduki mbili, linateleza hewani vizuri mno. Nikalitafutia nembo. Halafu mwisho wa sura ya kwanza nikakutana na Balteus.

Kwa msiomjua: anaruka, anamwaga makombora kama mtu aliyemwaga gunia la njugu, na amejifunika ngao ya nguvu. Bunduki za kawaida zinaikwaruza tu. Unahitaji silaha ya kuvunja ngao, kisha umjaze mshtuko haraka mpaka apoteze mizani, na katika sekunde hizo chache za kuyumba ndipo unammwagia kila ulichonacho. Roboti langu halikuweza hata kimoja kwa wakati. Gemu linakuruhusu kubadilisha vipande palepale kabla ya kurudia pambano, kwa hiyo nikaanza: mkono wa kushoto, silaha ya ngao. Mabega, makombora. Injini nzito zaidi kwa sababu umeme hautoshi. Miguu haibebi, basi miguu mingine. Mwishowe nilikuwa juu ya miguu ya aina ya kifaru cha vita.

Balteus alikufa. Nembo ilikuwa ileile, jina lilelile, na ndani hamkuwa na skrubu hata moja ya lile la mwanzo. Na kwa kuwa dukani humo kipande unakiuza kwa bei uliyonunulia, hakuna hata hasara ya kulilia. Hilo ndilo lililonikera: gemu halikunipa hata sababu ya kununa.

#8
Swali la kirafiki tu, mkuu #7. Ulimpiga kabla au baada ya apdeti ya Septemba 2023 iliyompunguza makali?

#9 (yuleyule wa #7)
Hilo swali ni la uchokozi. Kabla.

#10
Vijana, dada yenu nimeanza na Armored Core ya kwanza, PlayStation, 1997. Hakukuwa na fimbo za kuangalia juu na chini, tulitumia vitufe vya juu ya padi, vidole vimekunjwa kama kucha za kaa. Kila misheni ukimaliza wanakata gharama za risasi na matengenezo kwenye malipo yako. Unaweza kushinda ukatoka na deni.

Sasa utamu wenyewe: deni likizidi 50,000, rubani wako anachukuliwa kufanyiwa majaribio ya mwili, halafu unarudishwa mwanzo ukiwa na uwezo ambao binadamu wa kawaida hana. Mfano mizinga ya mgongoni, ambayo roboti la miguu miwili lazima lipige goti ndipo lifyatue, wewe unafyatua huku unakimbia. Ukifilisika tena unaongezewa. Basi tukawa tunafilisika makusudi. Misheni nzima napiga ukuta kwa silaha ya risasi ghali, nahakikisha nachakazwa, narudi nimenenepa deni. Mleta uzi aliuliza kilichochukuliwa na deni. Mimi naripoti nilichopewa.

#11
Natahadharisha: naenda kusimulia mwisho wa Titanfall 2. Ambaye hajacheza aruke.

Lilitoka mwishoni mwa Oktoba 2016, wiki moja baada ya Battlefield 1 na wiki moja kabla ya Call of Duty mpya, yaani limebanwa katikati ya mafahali wawili. Wengi wetu tulilikuta baadaye. Wewe ni Cooper, askari wa kawaida. Rubani halisi anakufa mapema, na roboti lake BT-7274 linakuwa lako. BT ana kanuni tatu: kuungana na rubani, kutimiza misheni, na kumlinda rubani. Muda wote unadhani ile ya tatu ni maneno ya mwongozo wa mashine. Unamtania, anakujibu kwa ukavu kabisa, hajui utani. Kuna sehemu analazimika kukurusha ng'ambo kwa mkono wake, na anakuomba tu umwamini.

Mwishoni anakurusha mara ya pili. Safari hii yeye habaki.

Sikulijenga, sikulipaka rangi, sikuchagua hata jina. Kwa hiyo mleta uzi, nadharia yako ya "uliyemjenga ndiye anayeuma" mimi siikubali.

#12
Nakubali machozi, sikubali kama lile ni roboti. Linachupa pembeni kama mcheza dansi! Roboti lazima ulisikie uzito.

MechWarrior 2, 1995. Miguu inakwenda huku, kiwiliwili kinatazama kule, na ukichanganya viwili hivyo unagonga mlima huku unalenga adui. Kila leza unayofyatua inapandisha joto. Joto likizidi mtambo unajizima wenyewe, na wewe umekaa ndani ya tani 75 za chuma kisichosikia lolote, unamwona adui akija bila haraka. Maroboti yangu mengi ya Timber Wolf yamekufa hivyo, si kwa sababu ya adui. Hata kwenye MechWarrior 5 ya 2019 bado tabia ni ileile, ila pale nimejifunza kupigana nimesimama mtoni, maji yanapoza.

#13 (mleta uzi)
Mkuu #11, umenipiga hapo, naiondoa nadharia. Mkuu #12, uzito nakuunga mkono, lakini mbio hazimnyimi mtu uroboti. Ukianza hivyo utaitoa Armored Core yote, na dada wa #10 hatakuacha.

#14
Mimi nina kinyume: roboti la mwenzangu. Front Mission 3, 1999. Kila sehemu ya wanzer (ndivyo maroboti ya humo yanavyoitwa) ina uhai wake: mkono ukivunjika silaha yake haifanyi kazi, miguu ikivunjika inajikokota. Uhondo ni kwamba rubani anaweza kutoka au kutolewa nje na mashine ikabaki tupu, na mtu mwingine akaipanda. Langu lilikuwa limebaki kiwiliwili na mkono mmoja, na jirani yake adui akatupwa nje ya mashine nzima. Rubani wangu akashuka, akakimbia kwa miguu katikati ya madude yanayopigana, akaingia. Zamu iliyofuata nikampiga mwenye mali kwa mali yake.

#15
Nimesoma uzi wote, sijawahi kucheza hata moja. Kompyuta yangu ni dhaifu na sitaki kuanza na vitufe 40. Nianzie wapi?

#16 (mleta uzi)
Ndugu, anza na Into the Breach, 2018. Uwanja ni miraba 8 kwa 8 tu, unacheza kwa zamu, kompyuta yoyote inalibeba. Una maroboti matatu, na kila zamu unaonyeshwa kabla adui atapiga wapi. Kazi yako si kuua sana, ni kusukuma: unamsogeza adui (humo ni midudu mikubwa) mraba mmoja ili pigo lake limpate mwenzake badala ya jengo. Majengo ndiyo uhai wako, usiyasahau kwa kunogewa na mapigano. Ukishindwa, rubani mmoja aliyesalia unaweza kumpeleka kwenye jaribio linalofuata na ujuzi wake; wengine unawaacha. Ukifika hapo ingia humu utuambie umemchukua nani, na umewaacha akina nani.