Fulana ya joto ya kuvaa ndani, safari ya Kilimanjaro: naijaribuje nikiwa Dar?

Mama_Mbagala

Habari za jioni wadau.

Desemba hii naenda kupanda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini, kwenye zile safari za kuadhimisha Uhuru. Tukijaliwa, tarehe 9 tuwe kileleni. Njia ni Marangu, tunalala vibandani. Mimi ni mtu wa Pwani kabisa, baridi kali niliyowahi kuionja ni ya Lushoto mwezi wa saba, kwa hiyo kwenye mambo ya nguo nawategemea ninyi mliokwisha kupita huko.

Viatu, jaketi kubwa na begi la kulalia nitakodi Moshi. Kinachonisumbua ni fulana ya ndani kabisa, ile ya mikono mirefu inayoshika mwili. Hiyo sitaki kukodi, inalala kwenye ngozi na jasho. Nimenunua mbili mitumba ya Karume:

Ya kwanza nyeusi, nzito, ndani ina vimanyoya laini. Ukiivaa tu unasikia joto. Lebo imekatwa.

Ya pili ya kijivu, nyembamba, ukiinyoosha mbele ya taa mwanga unapita. Lebo imefifia, nasoma neno "merino" na namba 150 tu.

Muuzaji alinisifia nyeusi, dada yangu naye nyeusi, na mimi nikizishika mkono unaenda kwenye nyeusi. Lakini usiku wa kileleni si mahali pa kuanza kujua nguo inafanya nini. Je, kuna namna ya kuzijaribu hapa hapa Dar kwenye joto hili? Na hiyo 150 ni nini? Hela ya kununua nyingine ipo, ila si nyingi.

---

Mgumu_wa_Kilema

Karibu mlimani dada. Nilianza kwa kubeba mizigo, sasa naongoza wageni, na njia yangu ni hiyo hiyo ya Marangu.

Weka unene pembeni kwanza. Swali la fulana ya ndani ni moja: ikishaloa jasho inakufanyia nini? Siku ya kwanza unatoka getini, karibu meta 1,900, unapita msituni mpaka vibanda vya Mandara, meta 2,720. Pale kuna joto la unyevu, unapanda, una begi mgongoni, utatoka jasho upende usipende. Na Desemba mvua za vuli hazijaisha, msitu ule unanyesha mchana mchana. Ukifika Mandara jioni jua limeondoka na mgongo wako umeloa. Vibanda havina moto wa kuanikia nguo. Ulichofika nacho kimeloa utakikuta asubuhi bado kimeloa.

Halafu usiku wa mwisho. Mnatoka vibanda vya Kibo, meta 4,720, kwenye saa sita usiku. Mnapanda kokoto pole pole, na watu wengi wanavaa kila kitu walichonacho kwa kuogopa baridi, kwa hiyo ile nusu saa ya kwanza wanatoka jasho ndani ya majaketi. Mkifika Pango la Hans Meyer, juu ya meta 5,100, mnasimama kunywa maji. Hapo ndipo nagundua nani kavaa nini. Mtu anaanza kutetemeka mabega, meno yanagongana, ukipitisha mkono mgongoni fulana imelowana na imekuwa ya baridi kama samaki. Mbele bado kuna Gilman's, ukingoni mwa shimo la volkano, meta 5,685, na kutoka hapo mpaka kilele cha Uhuru, 5,895.

Wengi ninaowakuta hivyo wamevaa fulana nzito za pamba. Hiyo yako ya vimanyoya naitilia shaka, ila bila kuishika siwezi kusema. Wapo humu wanaojua nyuzi kuliko mimi.

---

Fundi_Nyuzi

Nimefanya kazi ya vitambaa muda mrefu, ngoja nisaidie hapo.

Hiyo 150 ni uzito wa kitambaa, gramu kwa meta moja ya mraba. Fulana za sufu ya kondoo wa merino za kuvaa ndani huwa 150, 200 au 250 hivi. 150 ni nyepesi lakini ni nguo halali ya mlima, hasa ukiwa na sweta la flisi juu yake.

Nyeusi, kwa kuwa haina lebo, ichome. Chukua mkasi mdogo, ingia ndani kwenye pindo la chini, chomoa unyuzi wa kitambaa chenyewe. Angalia usichomoe uzi wa cherehani. Uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye nguo ya sufu tupu, na hapo ndipo watu wengi wanapata jibu la uongo. Ushike kwa kibanio juu ya sinki, uwashe kiberiti. Sufu inajikunja, inanuka nywele zilizoungua, moto ukiuondoa inazimika yenyewe na jivu linasagika vidoleni. Pamba inaendelea kuwaka, inanuka karatasi, inaacha jivu laini la kijivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Ukipata harufu ya karatasi pamoja na vitone, ni mchanganyiko. Chomoa pia vile vimanyoya uvichome peke yake, kwa sababu upande wa ndani unaweza kuwa uzi tofauti na wa nje.

Baada ya hapo mzani wa jikoni. Pima kila fulana ikiwa kavu. Itumbukize kwenye ndoo mpaka iloe yote, ikamue kwa nguvu zako zote, pima tena. Tofauti ndiyo maji iliyokataa kuachia. Kisha zianike zote mbili kivulini, sehemu moja, upime kila baada ya saa. Usizianike juani, jua la Dar litakausha hata blanketi.

Sababu ya kuhangaika na maji ni hii: maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Vimanyoya vinakupa joto dukani kwa sababu vimeshika hewa. Vikilala kwa jasho, ile hewa imetoka, na kilichobaki kinanyonya joto la ngozi yako kwenda nje.

---

Chumba_Baridi_Mwanza

Mimi sijapanda mlima wowote lakini baridi naijua. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, kwenye chumba cha kugandishia minofu ya sangara. Nyuzi 18 chini ya sifuri na zaidi, kila siku ya kazi.

Nikuambie kitu ambacho wageni wa kazi hawakijui. Kuingia mle umesimama tu si tatizo, koti linatosha. Tatizo ni siku ya kupakia gari. Unabeba katoni, unatoka jasho ndani ya koti, halafu gari linachelewa kurudi nyuma mlangoni, unasimama dakika kadhaa. Hapo ndipo kifua kinabanwa. Tulivyojifunza ni kufungua zipu ya koti MAPEMA, kabla jasho halijaja, na kuifunga mara tu ukisimama. Watu wanafanya kinyume.

Kwa hiyo hata ukipata rafiki mwenye chumba cha barafu pale Feri, usiingie mkavu ukasema umejaribu nguo. Utoke jasho kwanza. Na usiingie peke yako.

---

Mama_Mbagala

Asanteni sana, mmenifungua macho. Chumba cha barafu sina mtu wa kunipeleka. Hakuna njia nyingine ya kupata baridi?

---

Mgumu_wa_Kilema

Feni inatosha. Vaa fulana, weka begi lenye chupa za maji mgongoni, tafuta ghorofa la ngazi nyingi, panda ushuke mpaka mgongo uloe kweli. Rudi ndani, vua begi, simama mbele ya feni ya kasi ya mwisho ukiwa umeipa mgongo. Usibadilishe nguo, kaa hapo. Fulana mbaya utaijua, itakushika mgongoni na utataka kuivua. Nzuri utasikia ubaridi kidogo kisha unapungua. Siku nyingine rudia na ile ya pili, ngazi zile zile.

Huwezi kupata baridi ya Kibo Mbagala. Kila meta 1,000 unazopanda joto linashuka nyuzi 6 na nusu hivi, kwa hiyo kati ya Dar na kileleni kuna tofauti ya nyuzi 38 au zaidi, hata kabla ya upepo. Ila jinsi nguo inavyoshughulika na jasho unaweza kuiona hapo hapo ulipo.

---

Mkimbiaji_Nyahururu

Salamu kutoka Kenya. Naona mambo yanaelekea kwa merino, wacha niweke neno upande wa poliesta.

Mimi hupanda Mlima Kenya, Point Lenana, meta 4,985, na fulana za poliesta za mazoezi, zile nyembamba za kubana, za mtumba wa Gikomba. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na merino mpya. Zinakauka haraka kuliko sufu, hilo hata mzani utakuonyesha. Nikifika kambini nazifua, nazikung'uta, nazivaa bado zina unyevu kidogo na zinakaukia mwilini. Sufu ikishaloa chapa chapa kwa mvua haikauki upesi hivyo. Na sufu nyembamba inatobolewa na wadudu wanaokula nguo na mikanda ya begi.

Ubaya wake ni harufu. Siku ya tatu usikae karibu na mtu.

Kwa mtu wa bajeti ndogo ningesema nunua poliesta mbili kuliko kutegemea sufu moja.

---

Baridi_ya_Bergen

Mkuu wa Nyahururu amesema kweli kuhusu kukauka, ila kuna upande mwingine.

Niko Norwei, Bergen, mji wa mvua. Huku mtoto akianza chekechea unaambiwa umletee nguo za ndani za sufu, kwa sababu watoto wanacheza nje mvua ikinyesha, theluji ikianguka. Niliwanunulia wanangu za poliesta mwanzoni kwa sababu ya bei. Zilikuwa zinakauka vizuri, lakini mtoto akiloa halafu akatulia kwenye kigari, alikuwa anapoa haraka. Wa sufu aliyeloa sawa sawa alikuwa bado ana mikono ya moto.

Sufu ina tabia yake. Unyuzi wake unameza mvuke wa jasho mpaka karibu theluthi ya uzito wake kabla hujasikia kwamba imeloa, na ukimeza ule mvuke unatoa joto kidogo. Poliesta haimezi, inasambaza jasho juu ya kitambaa likakauke. Ukiwa unatembea bila kusimama, poliesta raha. Ukitoka jasho halafu ukasimama, sufu inakusubiri.

Na huo usiku wa kileleni, kwa maelezo ya Mgumu, ni wa kusimama simama sana. Mtu mmoja akiishiwa pumzi kundi zima linasimama. Mimi ningevaa sufu hapo, huku chini msituni nikavaa chochote kinachokauka.

---

Mgumu_wa_Kilema

Hapo umemaliza, ndivyo tunavyofanya wengi wetu. Ya kupandia na ya kileleni ziwe mbili tofauti, na ya kileleni ISIGUSWE. Isivaliwe njiani, isilaliwe Horombo, vibanda vya katikati, hata baridi ikuume vipi. Iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, katikati ya begi. Kibo mnafika alasiri, mnakula, mnalala saa chache. Kabla ya kulala vua ile ya njiani, jifute mwili ukauke, ndipo uvae kavu. Mwongozaji akikuambia usiku utoke na nguo chache kuliko unavyotaka, msikilize. Utaanza ukisikia baridi kidogo, baada ya muda mwili utapata moto. Jaketi liwe juu ya begi, mkisimama livae hapo hapo.

Mfuko uwe ule mgumu wa kukunja mdomo, siyo rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

---

Mama_Mbagala

Majibu haya wadau, nimefanya kila mlichosema.

Kuchoma: kijivu ilinuka nywele mpaka mwanangu akaja kuuliza nani kaungua. Ni sufu. Nyeusi upande wa nje ulinuka karatasi na kuacha vitone vichache, vimanyoya vya ndani viliwaka kama utambi wa koroboi. Pamba tupu ndani.

Mzani: nyeusi kavu gramu 290, baada ya kuikamua 610. Kijivu kavu 180, baada ya kuikamua 330. Nilizianika usiku barazani. Asubuhi kijivu imekauka isipokuwa kwapani na kwenye pindo, nyeusi bado ukiikunja unasikia maji.

Ngazi na feni ndiyo iliyonishangaza. Nyeusi nilipoanza kupanda niliipenda, ina joto tamu. Nilipokaa mbele ya feni iliganda mgongoni, hapa katikati ya mabega, na ubaridi haukupungua, uliongezeka, nikaanza kusikia hadi kiunoni. Dar hii! Kijivu ililoa pia, sidanganyi, lakini haikunishika. Nilisikia ubaridi mwanzoni, baadaye nikawa nimekaa tu kama kawaida. Jambo moja: kijivu ni fupi, nikiinua mikono mgongo unaachwa wazi.

Nyeusi nampa dada yangu wa Iringa, ataivaa nyumbani. Natafuta poliesta ya kupandia. Huo ufupi ni tatizo?

---

Fundi_Nyuzi

Ni tatizo, begi litaipandisha na mkanda wa kiunoni utakaa kwenye ngozi. Vaa suruali ya kiuno kirefu, fulana uichomekee, au mpe fundi aongezee kipande cha kitambaa cha kunyumbulika chini, upana wa kiganja. Mwambie mshono ulale bapa, usiwe na ukingo unaosimama. Sufu ifue kwa maji ya baridi na sabuni ya mche kidogo, usiisugue, usiikamue kwa kuipinda. Poliesta usiitie kile kimiminika cha kulainisha nguo, kinapaka nyuzi utando na jasho haliwezi kusambaa.

Ukichagua poliesta Karume nenda na chupa ya maji. Dondosha tone upande wa ndani. Likisambaa mara moja na kutokea nje, chukua. Likikaa juu kama shanga, rudisha.

---

Mgumu_wa_Kilema

Dada, kama kitabaki kitu kwenye bajeti, nikuombe. Ukishuka, ile poliesta ya njiani kama huihitaji tena, mwachie mgumu, yaani mpagazi, aliyekubebea begi. Vijana wengi bado wanapanda na fulana za pamba, na wao wanatoka jasho kuliko wageni. Pale Moshi kuna KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi, wanaowaazima wagumu nguo za mlimani bila malipo. Nao wanapokea.

---

Mama_Mbagala

Nitaacha zote isipokuwa ya kijivu. Jumamosi naenda Karume na chupa ya maji.