Nimeandika ukweli kuhusu filamu aliyocheza mpwa wangu, sasa ndugu wamenuna. Nifute?

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba ushauri kwenye jambo linaloninyima raha wiki nzima sasa.

Mimi ni mpenzi wa filamu tangu utotoni. Nimekulia Mbagala enzi za vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, tumebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka, Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za nje, anatufasiria anachosema Mchina. Leo nina kazi yangu, na kila filamu ya Kitanzania inayoingia ukumbini hapa Dar naenda kuiona kwa hela yangu. Nikirudi naandika maoni kwenye ukurasa wangu. Filamu sijaisomea, naandika nilichokiona na nilichokisikia.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilienda kuona filamu ambayo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, amecheza kwa mara ya kwanza. Sehemu yake ni ndogo, haifiki dakika tano. Tiketi 10,000. Usiku ule ule nikaandika: hadithi nzuri, ila nusu ya maneno hayasikiki. Feni inavuma chumbani kwa mgonjwa. Bodaboda inapita katikati ya matanga. Maandishi ya Kiingereza yanasema jambo jingine kabisa. Halafu pale mambo yalipoanza kunoga, ikatokea "itaendelea". Nikamalizia kwa kuandika: "Turudishieni hela zetu."

Watu wakaisambaza. Asubuhi mtayarishaji akanipigia, akasema nimemharibia biashara na kwamba kwenye ile filamu ameweka hadi hela ya kiwanja. Jioni akapiga dada: "Umemvunja moyo mtoto, na wewe ndiye mjomba wake." Mpwa mwenyewe hajasema kitu. Nikimsalimia anajibu "shikamoo mjomba" kisha kimya.

Nifute? Nikifuta, watakaoniamini kesho ni akina nani? Naomba kuwasilisha.

Kigoda cha Mbele:
Usifute mkuu. Uliingia kwa tiketi, hukuingia kwa mwaliko.

Mama Wawili:
Mtoa mada, kabla hatujafika kwenye kufuta au kutofuta: kwenye maoni yako uliandika nini kuhusu mpwa wako?

Fundi wa Maiki:
Nimeshika maiki kwenye seti za hapa mjini miaka kadhaa, ngoja nieleze hiyo feni imetoka wapi.

Kazi nyingi tunarekodi kwenye nyumba ya kuazima. Ipo barabarani, ina bati, jirani anafuga kuku. Siku zimehesabiwa kwa sababu kamera na taa ni za kukodi, kila siku ikiongezeka ni hela. Mtu wa sauti anakuwa mmoja: ndiye anashika bumu (mti mrefu wenye maiki), ndiye anavuta nyaya, na akimaliza anatumwa maji. Ukisema "subirini bodaboda ipite" mara tatu, ya nne unaonekana mkorofi. Mwigizaji ameshalia machozi ya kweli na dairekta hataki kuyapoteza, anasema "tutarekebisha kwenye kuhariri".

Kwenye kuhariri hakirekebishwi kitu. Feni ikishaingia ndani ya maneno, ukiiondoa unaondoka na maneno. Dawa ni waigizaji warudi studio waingize sauti upya huku wakitazama midomo yao, na hapo hela imeshakwisha, mmoja yuko Mwanza, mwingine hapokei simu. Basi wanafunika na muziki. Ule muziki mkubwa unaousikia kwenye kilio, mara nyingi chini yake kuna jenereta.

Kwa hiyo ulichoandika ni kweli tupu, na mimi nashukuru umekiandika. Sisi watu wa sauti tukilalamika hatusikilizwi, mtazamaji akilalamika wanasikia. Sikufurahia hiyo "turudishieni hela" tu.

Mzee wa Kariakoo:
Hiyo "itaendelea" nayo ina historia. Miaka ya kanda na baadaye CD, filamu moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili kwa sababu kila kasha lilikuwa na bei yake dukani. Watayarishaji wengi waliuza haki zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Hata filamu ikiuzika nchi nzima, mtayarishaji chake alishachukua. Ukiwa na mapato ya namna hiyo unajifunza kurefusha. Siku hizi soko liko kwenye chaneli za televisheni na YouTube, lakini mkono umeshazoea kukata pale pale.

Siwadharau wale watu. Mwigizaji Kanumba alipofariki Aprili 2012 nilikuwa viwanja vya Leaders kumuaga, sijawahi kuona umati kama ule unamlilia msanii. Watu walimpenda kwa filamu hizo hizo zenye sehemu ya kwanza na ya pili. Ila mapenzi yale yalitufanya tukae kimya muda mrefu mno. Tulinunua, tukanung'unika sebuleni, mwisho tukahamia tamthilia za Kikorea na Kituruki bila kumwambia mtu sababu.

Na kwamba tunaweza, tunaweza. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na 2022 nchi ikaipeleka kwenye mchujo wa Oscar. Kabla yake ilikuwa imepelekwa Maangamizi peke yake, mwaka 2001. Miaka 21! Usifute.

Nyota Njema:
Mimi napinga wote. Filamu ya kwetu ikikaa ukumbini wiki mbili imejitahidi, na wewe umeandika usiku wa kwanza. Zile za Marekani zina hela ya matangazo, maneno yako hayazigusi. Huyu wa kiwanja yanamgusa. Ungempigia kwanza ukamweleza pembeni.

Mtoa mada:
Nyota Njema, nimekuelewa na limenichoma. Ila yule aliyeniuliza mlangoni "vipi, niingie?" naye amelipa nauli kutoka Chanika. Nikimficha, safari ijayo haji kabisa.

Msee wa River Road:
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu Riverwood, yaani sinema zetu za bei nafuu, ilianzia madukani River Road, sinema za Kikuyu na Kikamba zikiuzwa kwa diski, na lawama zilikuwa hizo hizo za sauti. Halafu 2012 ikaja sinema ya Nairobi Half Life, watu wakapiga foleni. Mtazamaji wa hapa hachukii sinema ya nyumbani, anachukia kutosikia. Ushauri wangu: usifute, ongeza. Andika chini yake kile kilichokufurahisha, kwa urefu ule ule.

Mama Wawili:
Mtoa mada bado hujanijibu.

Mtoa mada:
Mama Wawili, nimekwepa swali lako tangu jana, nisameheni. Sikuandika kitu kuhusu yeye. Hata jina.

Anacheza binti anayeuza mboga, mama wa mgonjwa anakuja kukopa. Anafunga fungu la mchicha, anaongeza jingine juu, halafu anageuka upande ili yule mama asione aibu ya kushukuru. Hasemi neno, yaani ndiyo sini pekee ambayo sauti mbovu haikuiharibu. Nilipokuwa ukumbini koo lilinikaba. Nikaogopa nikimsifu watasema namsifu kwa undugu, nikaacha.

Mama Wawili:
Sasa unajua kwa nini amenyamaza. Hakununa kwa feni. Alisoma maoni yako yote akijitafuta. Mpigie leo, usimtumie ujumbe.

Fundi wa Maiki:
Na kugeuka kule hakufundishwi kirahisi, mkuu. Mwambie hivyo.

Mtoa mada (siku mbili baadaye):
Mrejesho wakuu.

Maoni sijayafuta. Nimetoa sentensi ya "turudishieni hela", nimeandika wazi chini kwamba nimeitoa na kwa nini. Nimeongeza aya mbili kuhusu sini ya mchicha, nikataja kwamba mwigizaji ni mpwa wangu, msomaji apime mwenyewe. Mtayarishaji nimempigia, tumeongea nusu saa. Bado ana hasira, ila ameniuliza ni sini zipi hasa hazisikiki, nikamtajia zote.

Mpwa nilimfuata kwao Tabata. Alikaa kimya kwanza, kisha akaniambia kule kugeuka hakukuwa kwenye skripti. Alimkumbuka bibi yake, yaani mama yangu mimi, alivyokuwa akiwapa watu unga pale Mbagala bila kuwatazama usoni. Nilishindwa kujibu.

Jumamosi tunaenda kuiona tena, mimi, yeye na dada. Tiketi nalipa mimi.