Mrejesho: albamu ya harusi ya mdogo wangu kwa mtindo wa viraka

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kupamba albamu kwa karatasi za rangi nyingi bila kurasa kuonekana kama zimemwagiwa rangi, nanyi mkanishauri nifuate mtindo wa blanketi la viraka la Kimarekani liitwalo Log Cabin, ambalo katikati yake huwekwa mraba mwekundu unaowakilisha moto wa jikoni, kisha vipande vyembamba huzungushwa, pande mbili zinazopakana zikiwa za rangi iliyokolea na mbili za rangi iliyofifia.

Nimekamilisha kazi. Nilinunua manila hapa Dodoma, katika soko la Majengo, nikakata mraba wa sentimita 2 na kuuzungushia vipande vya sentimita 1 mara tatu, hivyo kila kiraka kikafikia sentimita 8. Viraka vinne vilipounganishwa, pembe zilizokolea zikikutana katikati, lilijitokeza umbo la almasi la rangi iliyokolea ambalo picha ya maharusi ilikaa juu yake barabara.

Ushauri ulionisaidia kuliko wote ni ule wa kupiga picha karatasi kwa simu bila rangi kabla ya kubandika, maana nyekundu na kijani, ambazo machoni hupingana vikali, zilionekana kijivu kilekile, hivyo zisingeweza kutofautisha pande zilizokolea na zilizofifia. Gundi ya kijiti haikukunja karatasi. Vitenge nimeviacha kwa jalada tu, kwa kuwa vikirundikwa ndani albamu haifungi, ingawa mama mkwe bado anavidai.