Mrejesho: ile charavalo ya pamba

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kutengeneza charavalo nyumbani, ule ufagio laini ambao Wajaini (waumini wa dini ya Kijaini yenye asili ya India) huondolea wadudu taratibu kabla ya kukaa kwenye ibada, ili wasimuue hata sisimizi. Ni ya mtoto wa jirani yangu hapa Parklands, Nairobi.

Imekamilika. Kimila nyuzi huwa za sufu, ila bibi yake akasema kwa mtoto anayejifunza pamba haina neno. Vipimo alitoa yeye: fimbo urefu wa upana wa vidole 24, nyuzi upana wa vidole 8. Nilizungusha uzi mweupe wa kufumia kwenye kadibodi, nikafunga upande mmoja kwa nguvu, nikakata wa pili, kisha nikakaza ule upande uliofungwa kwenye fimbo. Gundi kidogo tu, juu. Ikishuka kwenye nyuzi zinakakamaa, na ufagio mgumu hauna maana hapa.

Aliyeshauri nailoni, asante, lakini ncha zake zinachoma. Pamba nayo hulala haraka, inabidi kuichambua kwa vidole.

Mtoto anaitumia kwenye samayik, ibada ya Kijaini ya dakika 48 za kutulia. Mlioulizia gharama: nilinunua uzi tu, fimbo ni mpini wa fagio kuukuu.