Oda za soko la mtandaoni kwenda databesi: Zapier, Make au n8n?

sato_mbichi (Kirumba)
Habari wakuu. Tuna soko la mtandaoni la WooCommerce (programu ya duka la mtandaoni) pamoja na plagini ya Dokan, wauzaji wanaweka bidhaa zao wenyewe: dagaa wakavu wa hapa soko la Mwaloni, Mwanza, kayabo, mchele na vingine. Wateja wengi wako Dar na Arusha. Kwa sasa kuna dada ofisini anafungua oda moja moja anazinakili Google Sheets, mpaka jioni ndo watu wa kupaki wanajua nini kinaenda stendi Nyegezi, na basi la asubuhi halisubiri mtu. Nataka oda ikiingia tu iende yenyewe kwenye databesi ya PostgreSQL na muuzaji apate ujumbe hapohapo. Oda ni kama 40 kwa siku. Katika hizi programu za kuunganisha mifumo ili kazi ijiendeshe yenyewe, nichague Zapier, Make au n8n?

fundi_wa_nyegezi
Mkuu piga hesabu kwanza. Zapier inahesabu taski, yaani kila hatua inayofanya kazi baada ya oda kuingia. Ukiandika kwenye databesi, ukamtumia muuzaji ujumbe, ukawajulisha na wa kupaki, hizo ni 3 kwa oda moja, kwa siku 120. Mpango wao wa bure ni taski 100 kwa mwezi, kwa hiyo siku ya kwanza haiishi, na isitoshe webhuki (ujumbe ambao duka linautuma lenyewe oda ikiingia au ikibadilika) na Postgres ziko kwenye mpango wa kulipia. Make bure inatoa 1,000 kwa mwezi ila nayo inahesabu kila moduli (yaani kila hatua) inayofanya kazi, kama wiki moja tu umemaliza. n8n ukiiweka kwenye seva yako hakuna kuhesabiwa, unalipia seva basi. Mimi kura yangu n8n.

dada_igoma
Fundi ni kweli lakini seva sio bure hata kama programu ni bure. Nani atasasisha, nani ataangalia diski ikijaa usiku? Mwenye oda 5 kwa siku na hana mtu wa kompyuta mimi namwambia alipie Zapier alale, na Make iko katikati hapo, ile picha yake ya vidude vilivyounganishwa hata mtu wa mauzo anaielewa. Sato una mtu?

sato_mbichi (Kirumba)
Yupo kijana anaijua Linux vizuri. Tulikuwa tunafikiria kuiweka kwenye kompyuta ya ofisini, tuna intaneti ya uhakika.

fundi_wa_nyegezi
Intaneti sawa, umeme je? Hapo kuna kitu wengi hawakijui: WooCommerce ikituma webhuki ikafeli mara 5 mfululizo inaizima yenyewe hiyo webhuki. Umeme ukikatika saa mbili asubuhi wakati watu wanaagiza, ukirudi saa tano n8n inawaka vizuri kabisa ila hakuna oda inayoingia, na hakuna anayestuka mpaka mteja apige simu. Kodi VPS ndogo, yaani seva ya kukodi mtandaoni. Halafu hata huko weka mtiririko wa pili unaozunguka kila saa, unaiuliza API ya WooCommerce (mlango ambao programu nyingine inachukulia data) oda zote zilizobadilika tangu mara ya mwisho (kuna kigezo cha modified_after, inakupa hadi 100 kwa ukurasa). Webhuki inaleta haraka, huu wa pili unaokota zilizodondoka.

shiti_na_safu
Wadau mnabishania chombo wakati shida iko kwenye data yenyewe, naomba nieleze kwa urefu kidogo maana hapa ndo pesa za wauzaji zinapotea.

Oda ya M-Pesa haiji mara moja. Inaingia ikiwa pending, mteja akilipa inakuwa processing, ikifika inakuwa completed, na kila badiliko ni webhuki nyingine. Ukiweka "ongeza mstari" una mistari mitatu ya oda moja. Namba ya oda iwe ufunguo wa pekee kwenye jedwali, halafu uandike kwa INSERT ... ON CONFLICT DO UPDATE, yaani namba ikiwa tayari ipo inasasisha mstari uleule badala ya kuongeza, Postgres wanayo tangu 9.5. Kwenye nodi (hatua) ya Postgres ya n8n chagua Insert or Update. Ukishafanya hivo hata ule mzunguko wa fundi ukileta oda ileile mara kumi haidhuru kitu.

Pili Dokan. Mteja akinunua dagaa kwa muuzaji mmoja na mchele kwa mwingine, Dokan inatengeneza oda mama halafu oda ndogo kwa kila muuzaji. Oda ya 45,000 ukijumlisha zote inasoma 90,000! Hifadhi parent_id (namba ya oda mama), na kwenye hesabu ya malipo ya wauzaji ruka oda mama yenye watoto.

Tatu namba za simu zikae kama maandishi. 0754 ikiingia Sheets kama namba inakuwa 754, hapo ujumbe wa muuzaji unakwenda wapi?

Nne saa. n8n isipoelekezwa inatumia saa za New York, weka Africa/Dar_es_Salaam, la sivyo ripoti yako ya saa kumi na mbili jioni itatoka saa saba au nane usiku.

mzee_wa_nansio
Vijana msisahau Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina na simu za wateja zikipita kwenye seva za nje ya nchi sheria ina masharti yake, wasomeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usipeleke usichohitaji, wa kupaki anahitaji jina, simu na stendi.

sato_mbichi (Kirumba)
Shikamoo mzee, nimekupata. Basi ni n8n kwenye VPS. Dada aendelee na Sheets mpaka lini?

dada_igoma
Mwache aendelee wiki mbili, kila jioni mlinganishe idadi ya oda na jumla ya pesa pande zote mbili. Na kijana atunze ule ufunguo wa usimbaji wa n8n nje ya seva, bakapu bila huo nywila zote mlizounganisha hazifunguki.

mzee_wa_nansio
Marahaba sato.